Kabla hujaandika "amerudi mtaani"

Wadogo zangu mlioanza mwaka huu kazi hii ya kuwapangia vyumba vijana wanaolala mtaani,

Jumanne nimesoma ripoti ya mmoja wenu: "Kijana amekabidhiwa chumba, amelala siku tano, amerudi mtaani. Napendekeza chumba apewe mwingine." Niliiweka mezani nikatoka nje, maana maneno hayo niliwahi kuyaandika mimi, karibu yaleyale.

1. Kulala ndani mtu hujifunza. Aliyelala juu ya maboksi Kariakoo miaka sita hatalala kwenye godoro usiku wa kwanza. Atalala sakafuni, mlango wazi, taa inawaka. Mwacheni. Kule nje walikuwa wengi, mmoja akisikia mgambo anawaamsha wenzake. Humu chumbani hakuna wa kumwamsha. Tulikuwa na mmoja Manzese, kila saa nane usiku anatoka, anakwenda kukaa na mlinzi wa duka la jirani mpaka adhana ya alfajiri. Wiki ya tatu akaacha mwenyewe. Yule mlinzi, mzee wa watu, ndiye aliyemtuliza, wala hakuhudhuria semina yoyote.

2. Chumba kiwe karibu na riziki yake. Hapa nivumilieni.

Kijana wangu alikuwa anapara samaki pale soko la Feri. Hela tuliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali naye anataka mwezi wake. Nikapata chumba Chanika, bei nzuri, umeme upo, nikajipongeza. Sikumuuliza kazini anaingia saa ngapi. Boti zinashusha kabla hakujakucha, mnada ukianza mpara samaki asiyekuwepo amekosa siku nzima. Kutoka Chanika, daladala mbili, asingefika. Kwa hiyo siku za kazi alilala palepale Feri, chini ya meza, akirudi chumbani usiku mmoja mmoja.

Mimi nilipita Feri usiku, nikamkuta amejifunika kiroba. Sikumwamsha. Nilisimama pale nikamhukumu: huyu ameshazoea, hasaidiki. Asubuhi nikaandika ripoti, wiki ile nikachukua ufunguo, nikamwingiza mwingine.

Miezi miwili baadaye mama ntilie mmoja palepale Feri akaniita pembeni. Akanionyesha kibubu. Kijana alikuwa anamwekea kila siku, akiweka kodi ya miezi sita inayofuata. Chumba kile alikuwa anakipenda kiasi cha kulala chini ya meza ili asikipoteze. Nilimtafuta siku mbili. Nilipompata nikamwomba radhi, nikaeleza weee, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Kaka, na ndoo yangu?" Alikuwa amenunua ndoo na pazia. Nilivigawa pamoja na chumba, sikujua hata kwamba ni vyake. Ndoo nilimnunulia nyingine. Amani aliyokuwa nayo na mimi haikurudi, na ana haki.

Sasa naomba mnielewe kwa nini nakuwa mkali.

3. Msimsubirishe chumba mpaka aache kunusa gundi. Finland tangu 2008 wameifanya sera ya nchi: nyumba kwanza, mengine yanafuata akiwa ndani. Fedha yao hatuna, mpangilio huo tunao uwezo nao.

4. Aliye chini ya miaka 18 hatumpangii chumba. Ni wa afisa ustawi wa jamii, Sheria ya Mtoto ya 2009.

5. Mkataba wa chumba uandikwe jina lake yeye, na aende kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa kwa miguu yake, waione sura yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilishasema Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji, zile za kumkamata mtu kwa kukosa makazi au kazi, zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ni jambo kubwa na nililifurahia. Lakini saa saba usiku barabarani kijana anahitaji karatasi mfukoni na mwenyekiti atakayesema "huyu ni wa mtaani kwangu". Juzi mmoja wa Tandale aliachiwa kwa simu moja ya mjumbe.

6. Mfundisheni kuchangia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na zamu ya kuosha choo siku ileile ya kuhamia. Ugomvi na wapangaji wenzake huanzia hapo.

7. Wenzake wa maskani watakuja. Msiwafukuze wote. Mwambieni achague wawili wa kula naye, na kulala alale peke yake, la sivyo mama mwenye nyumba atamtoa kabla mwezi haujaisha.

Ufunguo wa yule wa Jumanne ninao mimi. Hapewi mtu. Aliyeandika ripoti ile aje nami kesho saa kumi na moja alfajiri tukamtafute Ubungo, na swali la kwanza tumuulize kazi yake inaanza saa ngapi.