Re: Bourbon isiyotoka Kentucky ni feki?

Salama mkuu. Umeuliza kama bourbon (wiski ya Kimarekani ya mahindi) isiyotoka jimbo la Kentucky ni feki, na kama kweli mchungaji wa kanisa Elijah Craig ndiye aliyeibuni baada ya mapipa yake kuungua.

Kwanza soma lebo. Sheria ya Marekani inataka itengenezwe humo nchini, jimbo lolote, mahindi yasipungue 51% ya nafaka, na ihifadhiwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Ukiona "Straight", imekaa pipani angalau miaka 2. Nilipokuwa nauza kaunta nilibishana sana na wateja, mpaka siku nilipoletewa ubao wa pipa: upande mmoja mkaa mtupu, na harufu ya vanila. Rangi hutoka humo. Ikitoka mtamboni ni nyeupe kama gongo.

Ya mchungaji ni hadithi tu, ushahidi hakuna. Ya kusimulia ni ile ya jimbo la Tennessee: Nathan "Nearest" Green, akiwa mtumwa, ndiye aliyemfundisha Jack Daniel, mwenye wiski ya jina hilo, kupika wiski. Kampuni ya Jack Daniel yenyewe ilianza kuitangaza habari hiyo 2016, wakati biashara ni ya karne ya 19! Wiski yao huchujwa kwanza kwenye mkaa wa mti wa mepo (maple), ndipo inaingia pipani.