Baridi kavu haiamshi mbegu

Mkuu, umesema umetoka kwenye siku ya kugawana mbegu na bahasha saba za mimea ya asili ya huku Amerika ya Kaskazini. Mmoja kakwambia uziweke friji mpaka theluji iishe, mwingine kakwambia uzimwage nje juu ya theluji hiyo hiyo, na sasa hujui umsikilize nani. Mimi mbegu nimeshaziharibu za kutosha, kwa hiyo nianze na nilipokosea.

Mwaka wa kwanza niligawiwa Asclepias, ule mmea wa utomvu mweupe ambao viwavi wa kipepeo wa monarki hula huo huo na jamii yake, hawana chakula kingine. Nikaitia bahasha kwenye friji ikiwa kavu kama nilivyopewa, ikakaa miezi mitatu. Aprili nikapanda mbegu arobaini, nikamwagilia, nikangoja. Zikaota mbili. Nikamfuata mama aliyenigawia, nikiwa nimenuna, nimwambie mbegu zake zilikuwa zimekufa. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwani ulizilowesha?"

Sikuwa nimezilowesha. Na hapo ndipo penye siri yote. Mbegu kavu kwenye baridi haihesabu siku, imelala tu. Inaanza kuhesabu ikishakunywa maji. Ndani yake kuna homoni inayoizuia isiote, asidi ya absisiki, na nyingine inayoisukuma iote, jiberelini. Ikikaa na unyevu kwenye nyuzi joto 1 hadi 5 hivi kwa wiki kadhaa, ile ya kuzuia inalegea na ile ya kusukuma inashika usukani. Ukifikiria, ni akili sana: mbegu iliyodondoka Oktoba ikiota wiki ile ile, mche utauawa na baridi ukiwa na majani mawili. Na si lazima igande, maana mbegu ikiwa barafu tupu hesabu husimama.

Kwa hiyo washauri wako wote wawili wamesema nusu nusu. Friji inafaa, ila mbegu ziwe ndani ya mchanga uliolowa kiasi, kwenye mfuko uliofungwa, na ukague kila wiki kama kuvu haijaingia. Nje nako kunafaa, ila ukimwaga chini tu, ndege na panya watakushukuru, na zitakazobaki zitaota katikati ya magugu usijue lipi ni lipi.

Mimi siku hizi natumia madumu. Chukua dumu la plastiki linalopitisha mwanga, lile la maziwa au maji la karibu lita nne. Pasha bisibisi moto, toboa matundu kama kumi kwenye kitako. Kisha likate kiunoni ukizunguka, ila upande wa mshikio bakiza kipande cha vidole viwili kisikatike, kiwe bawaba. Jaza udongo wa kuoteshea kina cha sentimita 8 au 10, uloweshe mpaka maji yachuruzike chini, panda, kisha funga kiuno kwa gamtepu. Kizibo tupa kabisa. Mdomo ule ndio mlango: mvua na theluji vinaingia, joto la ziada linatoka.

Liweke nje mahali panaponyeshewa. Nasisitiza panaponyeshewa, kwa sababu mwaka wa pili niliyapanga madumu yangu kumi na moja vizuri kabisa chini ya upenu, nikijiona mjanja. Februari nikanyanyua moja, jepesi kama kopo tupu. Ule ukame uliniulia mbegu kuliko baridi yoyote. Ukiona udongo umeganda kama jiwe, usihangaike na wala usiliingize ndani. Kazi yako itaanza miche ikichomoza: siku ya jua kali fungua bawaba, la sivyo itachemka humo ndani kama mboga.

Kuhusu muda, Asclepias nyingi zinaridhika na siku 30 za baridi yenye unyevu, Lobelia cardinalis nazipa 60. Ukiweka nje Desemba au Januari hupigi hesabu yoyote, kila moja inachukua inachotaka.

Ila usizitendee zote sawa. Hiyo Lobelia ni vumbi tupu, na inahitaji mwanga ili iote. Inyunyize juu, uikandamize kwa kiganja, usiifukie. Baptisia ina ganda gumu lisilopitisha maji. Isugue kwenye msasa mpaka mng'ao uishe, ndipo uiloweshe. Monarda fistulosa haidai baridi lakini haina kinyongo nayo. Trillium inataka majira mawili ya baridi: baada ya la kwanza inatoa mzizi, jani unaliona baada ya la pili, kwa hiyo usije ukamwaga udongo ule kwa hasira. Na kama kwenye bahasha zako kuna Sanguinaria iliyokauka, samahani sana. Mbegu yake ina kinyama cha mafuta kinachowavuta sisimizi waibebe, nayo ilitakiwa ipandwe mbichi, ikikauka inaharibika. Aliyekupa hakujua.

Hilo la kutojua ndilo linalonikera kwenye kugawana mbegu. Watu ni wakarimu sana ila hawaandiki. Niliwahi kupewa bahasha imeandikwa "maua ya zambarau, marefu, yanapenda maji", basi. Nikaotesha, nikaifurahia, mwaka uliofuata ikatoa maua: Lythrum salicaria, mgeni kutoka ng'ambo anayemeza maeneo ya kinamasi. Mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Niling'oa kila kipande, mizizi na yote, na bado nikawa nachungulia pale misimu miwili.

Andika jina la kitaalamu, mwaka na mahali ulipookota, na kama inataka baridi. Tumia penseli. Maka peni nyeusi inafifia juani, ikifika Mei una madumu kumi na moja ya siri.

Mbegu utakazobakiza ndizo za kuweka friji kavu, kwenye chupa iliyofungwa vizuri, maana hapo unataka ziendelee kulala. Mwaka 1879 huko Michigan, mtaalamu wa mimea William Beal alifukia chupa 20 zenye mbegu, aone zitadumu miaka mingapi. Moja ilifukuliwa 2021 na mbegu za gugu la Verbascum humo zikaota, baada ya miaka zaidi ya 140! Usizoee lakini. Mbegu za Salix, miti ya kandokando ya maji, hufa ndani ya wiki chache tu.

Nitajie majina ya hizo saba nikwambie ipi ianze. Na ile uliyosema haina jina, iote kwenye dumu lake peke yake, ihamishie kwenye chungu, isiguse ardhi mpaka uone ua lake.