Bata mzinga wangu wanaisha, nakosea wapi?

SWALI
Habari za kazi. Mie naishi Muheza, Tanga, nafuga kuku wa kienyeji miaka mingi tu na wananilipa. Mwezi wa tatu nilinunua vifaranga 12 vya bata mzinga vya siku moja nikavichanganya na vifaranga vya kuku, banda moja, chakula kimoja, taa moja. Ndani ya wiki vimekufa 7, ukivishika kifua ni mfupa mtupu na chakula kipo tele! Hawa 5 waliobaki wana miezi miwili na nusu, sasa watatu wamenyong'onyea, mabawa chini, wanaharisha njano kama kiberiti. Kuku wazima kabisa. Majirani wanasema bata mzinga hawawezi joto la huku. Niache?
Mama Kuku, Muheza

JIBU
Pole sana dada yangu, na usiache. Hilo la joto sio kweli, hawa ndege walianza kufugwa Mexico, sio Ulaya, wakishakua wape kivuli cha mwembe na maji ya baridi mchana wanaishi vizuri tu hata Tanga.

Tuanze na hao watatu maana ndio dharura. Kuhara njano halafu kuku wako wazima, nashuku sana ni histomoniasi, ugonjwa unaoshika utumbo na ini. Kuku anabeba vijidudu vyake bila kuumwa, vinajificha ndani ya mayai ya minyoo ya kuku, vinatoka na kinyesi na vinakaa kwenye udongo muda mrefu sana, bata mzinga akidonoa hapo kwisha habari yake. Watenge leo, sio kesho, na muite daktari wa mifugo. Akifa mmoja mwambie ampasue mbele yako muangalie ini, ukiona madoa ya duara yaliyobonyea katikati basi ndio wenyewe. Tiba yake ni ngumu mno ndio maana nakazania hivi: bata mzinga na kuku wasikae pamoja, na usiwahamishie kwenye banda au uwanja ambao kuku walikuwepo, hata kama umefagia. Viatu unavyoingilia kwa kuku usiingie navyo kwa bata mzinga, weka ndala zao mlangoni.

Sasa wale 7 wa mwanzo. Dada, walikufa njaa. Kifaranga cha kuku kinadonoa chenyewe lakini cha bata mzinga kinaweza kusimama juu ya chakula kisijue ni chakula, siku mbili tatu kinaishi na kiini cha yai kilichobaki tumboni, kikiisha ndo kinaanguka. Mimi kundi langu la kwanza lilinifia hivyohivyo nikamlaumu aliyeniuzia, bure tu. Siku hizi vikifika nakaa chini navyo, namshika mmoja mmoja nachovya mdomo wake kwenye maji, alafu natandaza chakula kwenye trei ya mayai nanyunyizia yai la kuchemsha na majani ya vitunguu yaliyokatwa madogo kabisa. Kwenye maji naweka gololi za watoto, zinang'aa wanazidonoa wanajikuta wanakunywa, na pia hawazami. Siku tatu za hivyo, asubuhi, mchana, jioni, na usiku ukiamka pitia.

Usitandike gazeti, linateleza miguu inapanuka na hairudi, weka maranda na juu yake gunia siku za mwanzo. Joto wiki ya kwanza ni kama nyuzi 35, kila wiki punguza nyuzi 3 hivi. Kama huna kipimajoto waangalie wenyewe, wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi wamezidiwa.

Chakula ndo wengi tunaanguka. Hawa wanataka protini kama asilimia 28 wiki za mwanzo, cha vifaranga vya kuku ni 20 hivi, kwahiyo ongezea soya iliyokaangwa na dagaa waliosagwa, ila dagaa wa chumvi hapana. Na tafadhali soma lebo ya mfuko, chakula cha broila mara nyingi kinawekwa dawa ya koksidia (vijidudu vya utumbo vinavyoharisha vifaranga), ukiona pameandikwa salinomycin au narasin rudisha dukani, kuku hawadhuriki ila kwa bata mzinga ni sumu, wanapooza miguu na kufa.

Kideri, yaani Newcastle, ule ugonjwa wa virusi unaofyeka banda zima, chanja kama unavyochanja kuku, tone la jicho kila miezi mitatu.

Ukianza tena chukua 10 tu, jenga upande wa pili wa nyumba, mbali na kuku. Wakivuka wiki ya 8 utapumua, hapo wanakula mchicha na panzi wenyewe. Wakikua bakiza dume 1 na majike 5, madume mengine uza Krismasi. Ila kwanza daktari, mpigie leo.