Hotuba ya Kiingereza niliyomtolea bibi asiyejua Kiingereza

Kama unasoma Kiingereza na zamu yako ya kuzungumza mbele ya darasa inakaribia, nakusihi usikariri hotuba nzima. Mimi nilikariri. Lilikuwa darasa la jioni hapa Mtwara mjini, mada utandawazi, kurasa mbili za maneno mazito niliyoyaokota kwenye kamusi. Nilipofika sentensi ya nne neno moja likanitoka, na yote yaliyolifuata yakaondoka nalo. Nikasimama kimya, feni inazunguka, kisha nikarudi kuketi. Nililia njia nzima hadi Chikongola.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniambia zamu ijayo nizungumzie kitu ambacho mikono yangu inakijua. Mimi mtoto wa Newala. Mikono yangu inajua korosho.

Safari hii niliandika maneno saba tu kwenye kipande cha karatasi, kwa mpangilio wa kazi yenyewe: kupalilia, kupulizia salfa (unga wa kukinga mikorosho na ukungu), kuokota, kuanika, mnada, na kwa zile zinazobaki nyumbani, kuchoma na kubangua. Nilichokariri ni sentensi ya kwanza na ya mwisho. Katikati kazi ilinikumbusha yenyewe, maana aliyekulia shambani hawezi kusahau kwamba baada ya kuokota kuna kuanika. Nilipokosa jina la Kiingereza la bibo, nilieleza kwamba ni tunda lenye maji mengi, na korosho inaning'inia chini yake. Darasa zima lilielewa.

Halafu nikaenda Newala kwa bibi. Nilimkuta anabangua, vidole amevipaka jivu ili mafuta ya maganda yasimuunguze. Bibi hajui Kiingereza hata salamu. Nilimwamkia, nikamwomba anisikilize, nikasimama mbele yake nikatoa hotuba yote. Nilipomaliza akasema, "Hapo katikati umekimbia, mjukuu wangu. Kuna kitu unakiogopa?"

Kweli kilikuwepo. Hapo ndipo palikuwa na maneno ambayo sikuwa na uhakika yanatamkwaje, nikayapita mbio. Tangu siku hiyo nawaambia wenzangu wafanye mazoezi mbele ya mtu asiyejua lugha hiyo. Anayeijua atakukatiza kila mara kusahihisha sarufi. Asiyeijua anasikiliza sauti tu, anatazama macho na mikono, na hayo ndiyo wasikilizaji wanayaona kabla hujamaliza sentensi ya kwanza.

Kwenye matamshi, tatizo langu kubwa lilikuwa mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunakwenda na mazoea hayo hadi kwenye Kiingereza. Neno "agriculture" nilikuwa nalikaza kwenye "cul", kumbe mkazo uko mwanzoni kabisa. Nilikuwa nalitamka huku nikipiga kofi moja kwenye silabi ya kwanza, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima, mpaka likakaa.

Wapo wanaosema lafudhi ya sisi wa Kusini haifai jukwaani. Kauli hiyo inaniuma. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, akasomea Kiingereza Makerere na kuhitimu 1962, akawa mhariri wa magazeti, na mwaka 1995 akawa Rais. Usimruhusu mtu akufunge mdomo kwa sababu ya kwenu.

Sehemu niliyoiogopa kuliko zote ni maswali. Rudia swali kwa maneno yako mwenyewe kabla ya kujibu. Utapata nafasi ya kufikiri, na aliyeuliza atajua umemsikia. Siku ya zamu yangu ya pili, mwenzetu mmoja wa Kilwa aliuliza kwa nini salfa hupulizwa alfajiri. Jibu hilo sikuwa nimeliandika popote. Nikarudia swali, nikavuta pumzi, nikaeleza kwamba saa hizo majani bado yana umande na upepo haujaamka, kwa hiyo unga unashika badala ya kupeperuka. Nilieleza yote kwa Kiingereza, karatasi yangu ikiwa imekunjwa mfukoni.