Kwotabeki ana mbio, mkono wa wastani: tubadilishe mfumo au tumbadilishe kijana?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni kocha msaidizi wa kujitolea katika timu moja ya sekondari hapa Louisville, Kentucky. Nilizaliwa Bukavu, nikakulia kwenye soka. Huu mpira wa Kimarekani nimejifunzia ukubwani. Kocha wetu mkuu ana daftari la michoro ya mashambulizi analolitumia kwa zaidi ya miaka kumi: kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzoni na kuurusha au kuugawa, anasimama ndani ya boma la watu wake watano wa mbele, anasoma uwanja mzima, anarusha mbali. Mwaka jana tulikuwa na kijana mrefu mwenye mkono kama kombeo. Amemaliza shule. Wa mwaka huu ni mfupi, ana mbio, anarusha vizuri akiwa anakimbilia kulia, lakini mpira wake wa mbali unaelea, na akitakiwa kutazama pande zote mbili anachelewa. Mkuu anasema atazoea. Je, mfumo umfuate kijana, au kijana aufuate mfumo? Tukibadilisha, tuanzie wapi? Na tumruhusu kubadilisha mchoro mwenyewe akishafika mstarini, pale mchezo unapoanzia?

JIBU: Marahaba, kocha mwenzangu. Hatazoea, au tuseme hatazoea kwa wakati. Msimu wa sekondari ni mechi kama kumi hivi, na mkono wa kijana hauongezeki nguvu kati ya Agosti na Novemba. Kusoma uwanja mzima kunafundishika, ila ni kazi ya miaka. Kwa hiyo mfumo ndio umfuate.

Swali lako la pili ndilo zito. Wengi wakisikia "badilisha mfumo" wanatupa daftari zima na kuazima la timu waliyoiona kwenye televisheni. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kupanga mashambulizi. Watu watano wa mbele walilazimika kujifunza majina mapya ya kila kitu. Aliyefurahi ni kwotabeki peke yake, na mechi tatu za mwanzo alifurahi akiwa chali.

Anza kwa kuhesabu. Chukua mazoezi ya wiki mbili, kila mpira anaorusha uandikwe: alikuwa amesimama au anakimbia, upande gani, yadi ngapi, ulifika wapi, na jambo ambalo makocha wengi hawaliandiki, ulitoka mkononi lini. Pasi inayomfika mpokeaji kifuani lakini imechelewa ni pasi mbaya. Jumatatu mazoezini itapigiwa makofi, Ijumaa usiku itanyakuliwa. Andika pia za mwisho wa mazoezi, akiwa amechoka, maana hizo ndizo utakazopata robo ya nne.

Kisha chora uwanja. Upana wake ni futi 160, na kwenye sekondari zile safu mbili za alama za ndani, ambazo mpira huwekwa juu yake au kati yake, zinaugawa katika theluthi tatu zilizo sawa, futi 53 na inchi 4 kila moja. Kwa wachezaji wa kulipwa alama hizo ziko karibu sana katikati, futi 18 na inchi 6 tu kati yake. Ndiyo maana mchoro unaopendeza Jumapili kwa wachezaji wa kulipwa unaweza kumuua kijana wako Ijumaa, siku ya mechi za sekondari. Tuseme mpira umewekwa kwenye alama ya kushoto na mpokeaji anakimbia yadi 12 kisha anakata kuelekea mstari wa pembeni. Kwotabeki yuko kama yadi 6 nyuma ya mpira. Akirusha upande mwembamba, wa kushoto, mpira unasafiri yadi 23 hivi. Akirusha upande mpana, mpira wa mchoro uleule unasafiri karibu 36. Yadi 13 za ziada angani ni muda wa kutosha kwa mlinzi kufika na kuondoka nao. Mkono wa wastani unaiweza ile ya 23 siku yoyote. Kabla hujasema kijana hawezi kurusha mchoro fulani, angalia alikuwa anaurushia upande gani.

Kumjengea kwotabeki mfumo kulingana na upungufu wake wala si jambo jipya. Mwaka 1969 timu ya kulipwa ya Cincinnati Bengals ilikuwa na kwotabeki Greg Cook, chipukizi mwenye mkono mkali sana, akaumia bega. Mwaka uliofuata kazi ikamwangukia Virgil Carter, ambaye mpira wake wa mbali haukumtisha mtu, lakini alikuwa na akili ya hesabu na alikuwa analenga. Bill Walsh, msaidizi wa kocha mkuu Paul Brown wakati huo, akaacha kuupeleka mpira juu na kuanza kuutandaza kwa upana: pasi fupi, za haraka, zenye kuhesabiwa hatua kwa hatua, wapokeaji wakifunguka mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1971 Carter aliongoza ligi kwa asilimia ya pasi zilizofika. Walsh akaenda na wazo hilo hadi San Francisco, akamkabidhi kwotabeki Joe Montana, na leo karibu kila timu ina kipande chake.

Sasa kijana wako. Kocha mkuu bila shaka ana ule mchoro wa kukimbia ambao watano wote wa mbele wanapiga hatua upande mmoja kwa pamoja, kila mmoja akizuia atakayeingia eneo lake. Usiuguse. Mrudishe tu kwotabeki yadi 4 au 5 nyuma ya senta, yule wa katikati anayeanzisha mpira, mkimbiaji asimame ubavuni mwake, kisha mlinzi wa ukingoni wa upande wa nyuma, ule ambao mchoro unaukimbia, aachwe bila mtu wa kumzuia. Kijana amtazame yeye tu. Akimfuata mkimbiaji, kijana anabaki na mpira na kutoka alipotoka yule mlinzi. Akisimama kumsubiri kijana, mkimbiaji anapewa mpira aende zake.

Faida yake ni ya hesabu. Kwa kawaida kwotabeki akishatoa mpira anakuwa mtazamaji, kwa hiyo mnabaki kumi dhidi ya kumi na mmoja. Wapinzani wakijua huyu naye anaweza kukimbia, hesabu inarudi sawa. Na kwa wale watano wa mbele hakuna kilichobadilika: jina la mchoro lilelile, hatua zilezile. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Badilisha kazi ya mtu mmoja kabla hujabadilisha kazi ya kumi na mmoja.

Juu ya mchoro huo jenga pasi. Kwanza chenga: anajifanya kumpa mkimbiaji, kisha anatoka nje ya boma kwa kasi kuelekea kulia. Upande huo weka wapokeaji watatu kwa ngazi. Mmoja anakimbilia pembeni yadi 3 tu, wa pili anapanda yadi 10 au 12 na kukata nje, wa tatu anapanda moja kwa moja ili ampeleke sefti, mlinzi wa nyuma kabisa, mbali. Macho ni kwa mtu mmoja tena, yule mlinzi wa pembeni. Akishuka kwenye ile fupi, rusha nyuma yake. Akirudi juu, toa fupi. Wakifunikwa wote, ana miguu. Umeukata uwanja nusu, umempa swali moja badala ya matano, na kwa kuwa amesogea kulia mwenyewe, ile pasi ya yadi 36 imefupika. Ufupi wake nao haumsumbui tena, maana hachungulii kati ya migongo ya watu waliomzidi kichwa kizima.

Kushoto uwe mwangalifu. Anayerusha kwa mkono wa kulia akikimbilia kushoto lazima ageuze mabega kwanza, na vijana wengi hawageuzi. Wanaurusha mpira kwa kiwiko tu. Upande huo mpe mchoro mmoja mfupi, basi.

Ile michoro ya kuamua katikati kama ni kukimbia au pasi iongeze baadaye, na uchache. Sheria ya sekondari haiwaruhusu watu wa mbele kuwa zaidi ya yadi 2 mbele ya mstari pasi inapotoka, wakati vyuoni wanapewa 3. Mnachokiona vyuoni Jumamosi, mkikicheza nyie Ijumaa ni faini ya yadi. Pasi yake iwe ya papo kwa papo, au isiwepo.

Sasa gharama, maana ipo. Kocha wa upande wa pili naye ana video. Mechi ya tatu au ya nne utaona mlinzi wa ukingoni anajitupa ndani makusudi, kijana anasoma sawasawa na kubaki na mpira, kisha anakutana uso kwa uso na lainbeka, mlinzi wa safu ya pili, aliyezunguka nje kumsubiri. Walinzi hao wawili wamebadilishana kazi. Kijana atadhani amekosea, na wewe usimruhusu adhani hivyo. Majibu yako mawili: mpeleke taiti-endi, yule anayesimama mwishoni mwa safu yenu ya mbele, amzunguke yule mlinzi wa ukingoni na kwenda kumzuia huyo lainbeka, au rusha pasi fupi pale alipotoka lainbeka, kwa sababu amepaacha wazi. Yafanyie mazoezi mapema kabla hayajahitajika.

Gharama nyingine ni pale mnapokuwa nyuma. Baltimore Ravens walimwachia kwotabeki Lamar Jackson (nyie wa Louisville mnamjua tangu chuoni) timu nzima mwaka 2019, chini ya mratibu wa mashambulizi Greg Roman. Hawakuchora tu. Walicheza na taiti-endi watatu na Patrick Ricard, jitu lililokuwa pia likicheza katikati ya ulinzi, na wakakimbia yadi 3,296, rekodi ya ligi. Walishinda mechi 14, wakashindwa 2, naye akachaguliwa mchezaji bora kwa kura zote. Halafu Januari 2020 Tennessee Titans wakatangulia kufunga, na mfumo uliojengwa kwa kuongoza ukajikuta unakimbiza. Jackson alirusha mara 59 siku hiyo, wakafungwa 28 kwa 12. Sisemi mfumo ulikuwa mbaya. Mimi ningechukua msimu ule kesho asubuhi. Lakini wewe uwe na fungu dogo la michoro ya kurusha ukiwa nyuma kwa pointi 10, michoro mitano hivi, na kila Jumatano ichezeni kwa saa inayohesabu.

Na mwili. Robert Griffin, kwotabeki wa Washington, aling'ara mwaka 2012 kwa michoro iliyofanana na ya chuoni kwake, na Januari iliyofuata goti lake likaumia, likavunja moyo wa watu wengi. Mfundishe wako kutoka nje ya mstari wa pembeni au kuteleza chini kabla hajaguswa, hata kama mashabiki watapiga mluzi. Hesabu pia mara anazobeba mpira. Mimi sivuki kumi kwa mechi zile nilizozipanga mwenyewe, kwa sababu atajiongezea nyingine kwa kukimbia hatari. Na kwotabeki wa akiba akiwa wa aina nyingine kabisa, daftari lako lazima liwe na kurasa zake.

Kuhusu mkuu wako. Usimwendee kwa maneno "mfumo wako umepitwa na wakati". Ni mkubwa wako, na daftari lile limemshindia mechi. Mpelekee karatasi yako ya wiki mbili, akae nayo peke yake. Akitaka mfano, mwambie wa Denver: mwaka 2011 timu ilianza kwa ushindi 1 na kushindwa 4, wakamwingiza kwotabeki Tim Tebow, na mratibu wa mashambulizi Mike McCoy akageuza mashambulizi katikati ya msimu yawe ya kukimbia na kuchagua. Kuna mechi dhidi ya Kansas City ambayo Tebow alifikisha pasi 2 tu kati ya 8, na wakashinda 17 kwa 10. Mwaka uliofuata alikuja Peyton Manning, ambaye hakukimbia hata kwa kufukuzwa, na McCoy huyohuyo akasimamia mashambulizi ya pasi 37 za tachidauni, yaani zilizozaa mabao. Mkuu akisikia kwamba aliyefanya yote mawili ni mtu mmoja, haoni kama anaambiwa aache kuwa yeye. Na mwakani akija mwenye kombeo, kurasa zake za zamani ziko palepale.

Umeuliza kama aruhusiwe kubadilisha mchoro mstarini. Ndiyo, kwa kiasi. Usimpe daftari zima kichwani. Mpe michoro miwili kila anapoitwa, mmoja ndio wa kwanza, na neno moja la kuhamia wa pili. Kinachomhamisha kiwe kitu cha kuhesabika, si cha kuhisi: wapinzani sita au chini yake karibu na mpira, tunakimbia, saba, tunarusha. Sisi mwaka mmoja tulikuwa na vijana wanne wanaosema Kiswahili, tukachagua "ugali" iwe kukimbia na "wali" iwe pasi. Watoto wa Kimarekani waliyapenda maneno hayo kuliko sisi. Wiki ya tano tukakutana na timu yenye lainbeka wa Kiburundi, akawa anawatangazia wenzake chakula kabla ya kila mchoro. Wakati wa mapumziko tukageuza maana ya yale maneno mawili, na mkimbiaji wetu mmoja akasahau.