Mjumbe, kabla hujasema "anauzika", piga hesabu

Juzi usiku umeingia ujumbe kutoka kwa mjumbe wa mkutano mkuu wa chama kimoja. Jina lake nalihifadhi, na la chama pia. "Kaka, nina kura moja. Watia nia wamebaki wawili. Mmoja namwamini tangu nikiwa umoja wa vijana, hajawahi kuyumba. Wa pili kaingia chamani mwaka juzi tu, ana jina, ana fedha, na kila mtu anasema ndiye anayeuzika. Nifuate moyo au nifuate ushindi? Halafu kambi zote mbili zimenitumia nauli. Nifanyeje?"

La nauli nitalijibu mwishoni. La kwanza limeulizwa vibaya, na si kosa lako, ndivyo wapambe wanavyotaka liulizwe. Wanakuwekea msimamo upande huu wa mizani na ushindi upande ule, kisha wanakuhurumia kwa uchungu wa kuchagua. Lakini "anauzika" si sifa ya mtu kama urefu wake. Ni dai kuhusu kura, na dai la kura huhesabiwa. Asiyeweza kukuonyesha hesabu anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Anza na kanuni ya ushindi ya nchi yako. Kenya, kwa Katiba ya 2010, mshindi wa urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Tanzania anayeongoza ndiye mshindi, hata kama hakufika nusu. Marekani rais huchaguliwa na wajumbe wanaopatikana jimbo kwa jimbo, anahitaji 270 kati ya 538, ndiyo maana mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9 nchi nzima na bado akashindwa. Mgombea yule yule anaweza kuwa mzuri chini ya kanuni moja na balaa chini ya nyingine.

Pale ambapo anayeongoza ndiye mshindi, kugawanyika ni kifo. Kenya mwaka 1992 Rais Daniel arap Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi, kwa sababu wapinzani wake Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga kila mmoja alienda na ngome yake. Mwaka 1997 hadithi ikajirudia, Moi akapita na kama asilimia 40. Malawi nao: Mei 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, huku Lazarus Chakwera akiwa na 35.41 na Saulos Chilima 20.24. Mahakama ikayafuta matokeo hayo Februari 2020 na kusema wingi maana yake ni zaidi ya nusu. Chakwera na Chilima wakaungana, na Juni mwaka huo wakashinda kwa karibu asilimia 59. Mioyo ya wapiga kura haikuwa imebadilika sana. Kanuni ndiyo iliyobadilika, na kanuni ikawalazimisha wanasiasa kushikana mikono.

Sasa chukua karatasi. Hesabu hii ni ya mfano, weka namba za kwenu. Tuseme wanaojitokeza kupiga kura ni 600,000. Wenu wa kudumu ni 240,000, wa mpinzani ni 260,000, na 100,000 wako katikati.

Mwenye msimamo, mwite A. Anawaamsha watu wenu 25,000 ambao kwa kawaida hulala siku ya kura, na kule katikati anapata 45,000 huku mpinzani akichukua 55,000. A anafikia 310,000, mpinzani 315,000. Kura hazikutosha, kwa pengo la 5,000.

Anayeuzika, mwite B. Watu wenu 20,000 wanachukia na kubaki nyumbani. Katikati anapata 60,000 na mpinzani 40,000. Juu ya hapo anachomoa 15,000 kutoka ngome ya mpinzani. B anapata 295,000, mpinzani 285,000. Ushindi.

Soma tena mistari hiyo miwili. B kapata kura chache kuliko A, na B ndiye anayeapishwa. Siri iko kwenye zile 15,000: kura unayomwamsha usingizini inaongeza moja kwako, lakini kura unayoichomoa kwa mpinzani inaongeza moja kwako na kupunguza moja kwake. Hiyo ndiyo hoja halali ya watu wa "kuuzika", na wengi wao hawaijui hata wenyewe.

Lakini usiikunje karatasi bado. Badilisha namba moja tu. Badala ya 20,000 kubaki nyumbani kwa hasira, weka 30,000. B ana 285,000 na mpinzani 285,000. Weka 35,000, B ameanguka. Kwa hiyo swali la kumuuliza mpambe wa B halihusu umaarufu wake. Muulize: wangapi kati ya watu wetu hawatatoka nyumbani, na umejuaje? Akijibu "watatoka tu, waende wapi", jua kwamba hakuna hesabu iliyofanyika. Watu wenu hawahitaji mahali pa kwenda. Nyumbani panatosha.

Wakikuletea utafiti wa maoni (sisemi kura za maoni za ndani ya chama, tumelibebesha neno moja mizigo miwili), tazama ukubwa wa sampuli kwanza. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu wanakupa kosa la pointi 3 hivi juu au chini kwa kila mtia nia, na kosa la pengo kati ya wawili linakaribia mara mbili ya hapo. Kwa hiyo 44 kwa 40 si uongozi. Na wakikukatia kipande, "kwa vijana anaongoza", uliza vijana hao walikuwa wangapi. Wakiwa 150, kosa ni kama pointi 8. Safu ninayoiamini kuliko zote ni ya wanaosema "huyu sitampigia kamwe". Umaarufu wa mapema mara nyingi ni jina kufahamika tu, na mtu asiyejulikana anaweza kujulikana kwa miezi minne. Kukataliwa hakufutiki kirahisi.

Historia haina huruma kwa kambi yoyote. Chama cha Republican kilimsimamisha Barry Goldwater mwaka 1964 kwa moyo safi kabisa, akapata majimbo 6. Democratic wakamfuata George McGovern mwaka 1972, akashinda Massachusetts na mji mkuu tu. Hapo watu wa hesabu hupiga makofi. Waache wapige, kisha uwaulize kuhusu John Kerry, aliyependwa mwaka 2004 kwa sababu nishani zake za Vietnam zingemfanya "auzike" wakati wa vita. Nishani zenyewe ndizo zilizoshambuliwa kwenye matangazo, na Ohio ikampotea kwa kura kama 118,000. Ronald Reagan naye alikataliwa na chama chake mwaka 1976 na wengi wakimwona amepitiliza. Gerald Ford, aliyepitishwa badala yake, akashindwa. Miaka minne baadaye Reagan huyo huyo akachukua majimbo 44. Hakainde Hichilema wa Zambia alishindwa mara tano, 2006, 2008, 2011, 2015 na 2016, kisha 2021 akashinda kwa kishindo. Mjumbe aliyesema mwaka 2016 kwamba huyu hauziki alikuwa na ushahidi wa chaguzi tano mkononi.

Upande wa msimamo nao una kazi ya karatasi. Kabla ya kampeni za ndani kuanza, kabla hujasikia wimbo wala kuona fulana, andika mambo ambayo mgombea akiyakiuka humpi kura hata kama ushindi una uhakika. Yasizidi matatu. Ukiandika kumi, utajikuta unayauza moja moja, kwa sababu hakuna binadamu atakayepita yote kumi. Yaandike kwa namna inayoweza kuhakikiwa: "hakuwahi kupiga kura bungeni kuunga mkono sheria fulani", si "ni mzalendo". Uzalendo kila mtu anao wakati wa kuchukua fomu.

Funzo zito kuliko yote kwetu ni la Tanzania mwaka 2015, na bado tunalikwepa. Edward Lowassa alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kufuatia ripoti ya kamati ya Bunge juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Tuhuma alizikana, lakini Chadema ilijenga sehemu kubwa ya jina lake kwa kupiga kelele dhidi ya ufisadi, na yeye alikuwa mmoja wa waliolengwa. CCM, chama tawala, ilipolikata jina lake kwenye watia nia wa urais, ndani ya wiki chache akawa mgombea wa Chadema na UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Kura zilipanda: mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alipata asilimia 26 hivi, Lowassa akafika karibu 40, na viti vya ubunge vikaongezeka. Bei yake: Slaa akaondoka kwenye siasa za chama, Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, chama kingine cha UKAWA, mwezi Agosti kabla ya kampeni kuanza rasmi, na hoja ya ufisadi ikafa mdomoni mwa wasemaji wake. John Magufuli wa CCM akashinda kwa zaidi ya asilimia 58, akiwa amebeba hoja ile ile. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM.

Wapo watakaokuambia ilikuwa biashara nzuri kwa sababu ya wabunge wale. Inawezekana. Kosa ninaloliona mimi liko kwenye swali ambalo halikuulizwa wakati wa kumpokea: tukishindwa, tutabaki na nini? Mtu wa msimamo akishindwa, chama kinabaki na msimamo, na mara nyingine na kizazi cha vijana waliouamini. Mtu wa kuuzika akishindwa, chama kinabaki bila bidhaa na bila muuzaji. Kwa hiyo anayeletwa kwa ajili ya ushindi peke yake lazima awe na nafasi kubwa zaidi ya kushinda kuliko mwenzake, si kubwa kidogo.

Hata ukishinda, deni lipo. Kenya, Oktoba 2002, Raila Odinga alisema "Kibaki tosha" pale Uhuru Park, Nairobi, upinzani ukaungana na kushinda kwa zaidi ya asilimia 60. Maelewano ya kugawana madaraka yalikuwepo, lakini hayakuwa na mtu wala chombo cha kuyasimamia. Ugomvi wake ukalipuka kwenye kura ya katiba ya Novemba 2005, serikali ikashindwa, muungano ukavunjika. Kama kambi ya B inakuahidi mgombea mwenza au wizara kwa ajili ya watu wako, uliza imeandikwa wapi, nani ana nakala, na nini kinatokea isipotekelezwa.

Jambo jingine ambalo wajumbe wanalidharau ni upekuzi. Mwaka 1972 McGovern alimchukua Thomas Eagleton kama mgombea mwenza baada ya maswali ya haraka haraka. Ikafichuka kwamba alikuwa amewahi kulazwa na kutibiwa ugonjwa wa akili, na chini ya wiki tatu akaondolewa. Ufaransa, François Fillon alishinda mchujo wa chama chake Novemba 2016, na Januari 2017 gazeti likafichua malipo ya mkewe kama msaidizi wa bunge. Chama hakikuwa na njia ya kumwondoa mtu aliyepitishwa na mamilioni, yeye akagoma kutoka, na mrengo wa kulia ukamaliza wa tatu kwa asilimia 20. Soma katiba ya chama chenu usiku huu: mgombea akianguka baada ya mkutano mkuu, nani anateua mbadala, na kabla ya tarehe ipi ya tume ya uchaguzi? Kisha peleka maswali kwa watia nia wote wawili, yale yale, wajibu kwa maandishi: kesi na madeni, mali na mikopo, afya, kampuni za ndugu wa karibu zenye mikataba ya serikali, na kauli za zamani wanazozijutia. Mpinzani anayo majibu tayari. Afadhali nanyi muwe nayo.

Siku yenyewe, tafuta kujua kama kuna mzunguko wa pili. Kama upo na wagombea ni zaidi ya wawili, mzunguko wa kwanza ni wa moyo, na kura hiyo haipotei, maana inamwambia atakayeshinda kwamba wenzako mpo wangapi. Mwaka 1995 ndani ya CCM, wakati wa kumtafuta mgombea urais, Jakaya Kikwete aliongoza mzunguko wa kwanza, na Benjamin Mkapa akashinda wa pili baada ya Cleopa Msuya kutolewa. Anayeongoza mapema si lazima awe chaguo la pili la walioshindwa. Kwenu wamebaki wawili, kwa hiyo huna anasa hiyo. Ni zile namba za karatasini na yale mambo matatu uliyoandika. A na B wote wakipita kwenye matatu hayo, nenda na hesabu. B akikwama hata kwenye moja, mpe A kura yako, na usijieleze kwa mpambe yeyote.

Sasa nauli. Irudishe leo, kambi zote mbili, kwa njia ile ile uliyotumiwa na kwa kiasi kile kile, makato ya muamala yabebe wewe. Usimpe mtu mkononi akupelekee, haitafika. Hifadhi ujumbe wa kupokea na wa kurudisha, na mwandikie katibu wa chama wa wilaya yako mistari miwili yenye tarehe na kiasi. Usafiri wa wajumbe huwa ni kazi ya chama, kwa hiyo kama hujapata nauli ya chama hadi leo, katika barua hiyo hiyo muulize itatoka lini.