Kwa nini watu wa marathoni tunaishia baharini

Umeuliza, mkuu, ni kitu gani kinawafanya wakimbiaji na waendesha baiskeli wa hapa Nairobi kupanda treni hadi Pwani kwenda kuogelea baharini, na mabwawa tunayo mjini. Ukauliza pia kama kina faida kwa mkimbiaji au ni mashauzi tu. Mashauzi yapo, sikatai. Nimeona watu wanatoka majini wakitafuta simu kabla ya taulo. Ila mimi niliingilia mlango mwingine, nikueleze yangu.

Nimekimbia Karura na barabara ya Ngong miaka 11. Mwishowe kano ya kisigino cha kushoto ikaanza kunidai: asubuhi nashuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta. Daktari wa viungo akanikataza kukimbia miezi mitatu. Kila hatua ya mbio huushukia mguu na mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na majini mzigo huo haupo. Basi nikaenda Kasarani, kwenye bwawa la mita 50, nikijua nitawatia adabu watoto wa shule. Mtu wa kilomita 42 atashindwaje na mita 50?

Nilishindwa. Nilifika upande wa pili nikaning'inia ukutani nikihema kama nimepandishwa milima ya Ngong kwa mbio. Mstari wa jirani kulikuwa na mama mmoja, umri wa shangazi yangu, anakwenda na kurudi taratibu, povu halionekani.

Sababu nilikuja kuzielewa baadaye. Mkimbiaji hupiga miguu kwa fujo, na mapaja ni misuli mikubwa, inakunywa oksijeni yote. Vifundo vyetu vya miguu navyo vimekakamaa kwa lami, kwa hiyo teke linarusha maji tu, halisukumi. Halafu tumekonda, miguu inazama, unaogelea kama unapanda kilima. Ongeza kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa imepungua karibu moja ya tano. Barabarani unavuta pumzi upendavyo. Majini unavuta zamu yako ikifika, na ikikupita unasubiri nyingine.

Utamu ulianzia hapo hapo kwenye aibu. Nilikuwa na miaka 43, na muda wangu wa marathoni ulikuwa umegoma kushuka kwa miaka minne. Ukifika hapo unajua: unajiua mwaka mzima kwa ajili ya dakika moja, na hiyo dakika mafua ya wiki mbili yanaichukua. Bwawani nilikuwa mbovu upya, na kila baada ya wiki mbili kitu fulani kilikuwa kinatengenea. Moyo na mapafu tayari ninavyo, nilichokosa ni ufundi tu. Wiki ya sita niliogelea mita 400 bila kusimama, na nakwambia nilifurahi kuliko siku nilipomaliza marathoni chini ya saa tatu na nusu.

Sasa kwa nini bahari? Kwanza, bwawa linadanganya. Kilomita mbili kwenye bwawa la mita 25 ni kugusa ukuta karibu mara 80, na kila ukuta unajisukuma, misuli inapumzika kidogo bila wewe kujua. Baharini hakuna ukuta. Pili, chumvi inabeba. Ile miguu iliyokuwa inazama Kasarani inapanda juu yenyewe. Na hewa ya Pwani, ukiwa umetoka huku juu, unasikia kama umeazimwa kifua cha mtu mwingine. Siku ya kwanza utajiona bingwa, na hapo ndipo bahari inakupata.

Safari yangu ya tatu ilikuwa hori la Kilifi, mkono mwembamba wa bahari unaoingia bara. Mwezi mpevu ulikuwa jana yake, mimi hata sikuuangalia. Niliingia nikafuata upande wa baharini dakika 15, saa ya mkononi inaonyesha mwendo ambao sijawahi kuuona maishani. Nikageuka kurudi. Ufukoni palikuwa na mkoko uliovunjika tawi, na kwenye tawi limenasa gunia la buluu. Nikaliweka alama. Nikapiga mikono mia, nikainua macho: gunia. Mia nyingine: gunia lile lile, na safari hii liko mbele yangu kidogo.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa karibu, anachota maji mtumbwini kwa kopo la rangi. Akanitazama weee.

"Ewe kijana, washindana na bamvua?"

Shikamoo yangu ilitoka pamoja na funda la chumvi.

"Marahaba. Pita kando. Hapo kati maji yaenda mbio."

Akaendelea kuchota. Nilijikokota hadi kando ya mikoko, na kweli, kule maji yalikuwa yametulia karibu kusimama. Chaza walioota kwenye mizizi walinichana kiganja, lakini nilikuwa naenda. Kwenda dakika 15, kurudi dakika 50.

Sisi wa bara bahari tunaiona kama bwawa kubwa. Maji hujaa na kupwa kila baada ya saa sita na kidogo, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Hayatembei sawasawa: saa ya kwanza na ya mwisho yanasogea polepole, saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, yanajaa sana na kupwa sana, na kwenye mahali pembamba kama hori unapambana na mto. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na huo ndio wakati wa mgeni. Nilikuwa nimeingia katikati ya kupwa, siku ya bamvua, na kuifuata njia ya maji yenyewe. Mtoto wa Kilifi wa miaka minane asingefanya hivyo.

Kama unataka jibu langu kwa neno moja basi ni hilo gunia. Barabarani, nikishazoea mwendo, akili inaweza kwenda ikaniacha. Mbio zangu nyingi nimezimaliza nikihesabu karo. Baharini kila baada ya mapigo manane hivi unainua macho kama kiboko, unatafuta mnazi au paa ulilochagua, la sivyo unapinda na unaongeza mita mia nne za bure. Pumzi ninazo, ila bila kutazama hazinifikishi popote. Sikuwahi kuhitajiwa hivyo na lami.

Ubishi wa nani ana pumzi zaidi, muogeleaji au mkimbiaji, si wa leo. Ndio ulioanzisha mashindano ya Ironman kule Hawaii mwaka 1978: watu 15 wakaanza, 12 wakamaliza. Kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu marathoni nzima. Na ukidhani kuogelea ndicho kipande chepesi, tazama kilomita 10 za kuogelea za Olimpiki, zilizoingizwa Beijing mwaka 2008. Florian Wellbrock alishinda za Tokyo kwa saa 1 na dakika 48. Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa 2:01:09. Muda unakaribiana, umbali ni robo.

Kuhusu kubaki karibu na nyumbani, sahau. Naivasha ina viboko, na kiboko hakuulizi umejisajili wapi. Ziwa Victoria lina mamba sehemu nyingine, na kichocho kinapenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Nairobi Dam, ambako wazee wanasema waliendesha mashua za tanga, leo ni gugu maji na maji taka.

Kwa hiyo ni Pwani, na kama ni mara ya kwanza subiri upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maana upepo wa kusi unachafua bahari. Ingia maji yanapokaribia kujaa, kati ya ufuko na mwamba wa matumbawe. Usiingie peke yako. Mlipe mvuvi mwenye mtumbwi akufuate, ana akili kuliko saa yako. Vuta boya la rangi kali ili boti ikuone. Kunywa maji kabla, maana baridi si tatizo huku, tatizo ni joto: kanuni za kimataifa hazikubali mashindano maji yakizidi nyuzi 31, na mgongo wako utachomwa bila wewe kusikia.

Kisigino kilipona mwezi wa tano. Bado nakimbia, mara tatu kwa wiki badala ya sita, na sina haraka. Maji mafu yajayo yanaangukia wikendi, na mimi nashuka na treni ya asubuhi. Boya la pili ninalo, miwani ujiletee.